Si Nalipa Zangu?

Ukisoma habari za magari ya umeme, utaambiwa kuchajia nyumbani ndiyo njia rahisi kuliko zote. Unafika jioni, unachomeka, unalala, asubuhi gari limejaa. Shida ni hilo neno nyumbani. Anayeandika hivyo ana mahali pa kuegesha na mita ni yake peke yake. Kwetu Ngoliba, nyumbani ni chumba kimoja kwenye ploti, na mita ni moja kwa vyumba vyote vitano.

Gari la umeme bado halijalala kwenye ploti yetu. Kilichokuja ni pikipiki. Jirani wa chumba cha nne anaendesha boda, na mwaka jana aliachana na petroli. Usiku anatoa betri, anaingia nayo ndani, anaichomeka kando ya kitanda. Asubuhi anaelekea stejini bila kelele, na sisi wengine tunaendelea kulala.

Mimi ndiye hukusanya pesa za stima na kununua tokeni, kwa hivyo mimi ndiye niliona mapema kwamba yuniti zinaisha haraka. Tukafanya lililo wazi: tukamwambia aweke mita ndogo kwa soketi yake, alipe anachotumia. Alikubali bila maneno. Betri inakula yuniti mbili na nusu hivi kwa usiku, na kwa usiku 26 hizo ni yuniti 65. Analipa zote. Kesi ikaisha, ama tulidhani hivyo.

Baada ya muda, shilingi 500 ikaanza kuleta yuniti chache kuliko zamani. Hakuna aliyekuwa anaiba. Ni vile bei ya stima ya nyumbani nchini Kenya haiko sawa kwa kila mtu. Tangu Aprili 2023 kuna makundi matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaofika 100, na wanaopita 100. Ukipanda kundi, bei ya yuniti inapanda pia, na kundi lako hupimwa kwa wastani wa miezi mitatu. Ploti yetu ilikuwa inatumia kama yuniti 80. Ongeza 65 za betri, ni 145. Tukavuka mstari, na kila mtu akaanza kununua yuniti zake zilezile kwa bei ya juu.

Nilipomwambia, jirani aliniuliza swali ambalo bado linanisumbua: "Bro, si nalipa zangu?"

Ni kweli, analipa. Na wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba haki ni hiyo tu: lipa ulichokula, usiguse cha mwenzako. Lakini unaweza kulipa kila senti ya ulichotumia na bado ukamwachia jirani gharama. Hujachukua yuniti zake. Umebadilisha bei anayonunulia. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mita yetu kibaba kikijaa ni wote tunalipa.

Nilikuwa tayari kumhukumu. Halafu nikamfikiria cucu wa chumba cha kwanza. Yeye ana taa moja, redio, na simu ya mulika mwizi anayochaji mara mbili kwa wiki. Miaka yote tumekuwa tukigawanya bili ya tokeni mara tano, sawasawa. Chumba cha pili kina friji. Cha tatu kina televisheni isiyozimwa. Mimi nina laptopu inayoshinda kwa stima kutwa, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kwa hivyo kabla boda wa umeme afike, cucu alikuwa ananilipia sehemu ya makala zangu, na hakuna mkutano tuliouita.

Tuliita mkutano siku ile sisi wenye friji na laptopu tulipoguswa. Hilo ndilo linaniaibisha. Pikipiki haikuleta dhuluma kwenye ploti. Ilituonyesha iliyokuwepo, kwa sababu safari hii ilitupata sisi.

Kuna kosa lingine ambalo si letu. Yale makundi yaliwekwa ili anayetumia kidogo alipe bei nafuu. Lakini mita haihesabu watu. Cucu akiwa na mita yake hangefika hata yuniti 30. Kwa mita ya pamoja, nyumba tano za watu wa kipato cha chini zinahesabiwa kama nyumba moja ya tajiri. Pia mwaka huohuo wa 2023 ilitangazwa bei maalum ya kuchaji vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, na 8 saa ambazo matumizi ni machache. Bei nzuri, lakini ni ya mita iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, si ya soketi iliyo kando ya kitanda cha mpangaji.

Je, boda aambiwe arudi kwa petroli? Siwezi kumwambia hivyo. Anaweka akiba, na moshi wake ulikuwa unaingia kwa dirisha langu. Nilichomwambia ni kwamba kulipa ulichotumia ni mwanzo wa haki, si mwisho wake. Unadaiwa pia kile ulichowabadilishia wengine, hata kama hukukusudia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atalipa ile tofauti. "Lakini na nyinyi mnaweka mita ndogo lini?"

Tumeziweka mwezi uliopita, isipokuwa kwa cucu. Tulikubaliana yeye atoe shilingi mia kwa mwezi, basi. Nilipompelekea habari aliniuliza, "Kwani nimekosea wapi, kijana wangu, mkanipunguzia?"

Nilimwambia sisi ndio tulikosea. Sikumwambia ni kwa miaka mingapi.