Mche Uliosafiri Peke Yake

Kuna hadithi ambayo Watanzania wengi wameisikia, na wanasiasa wameirudia majukwaani: Wamalaysia walikuja Kigoma, wakachukua mbegu za michikichi, na leo sisi ndio tunaonunua mafuta kwao. Historia iliyoandikwa inaonyesha njia nyingine. Miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na uzao wake ukaenea Sumatra, kisha Malaya. Tuseme basi hadithi yetu imekosea njia. Je, imekosea na maana?

Anayelalamika kwamba mbegu ilichukuliwa anaamini kuwa thamani yote imo ndani ya mbegu. Lakini miche ile ya Java ilisafiri bila mdudu wake. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa mashamba ya Malaysia walipita mti kwa mti wakiyapaka maua chavua kwa mikono, na wataalamu wakiamini kwamba kwa asili kazi hiyo ni ya upepo. Mtafiti Rahman Syed alikwenda Kameruni, akayatazama maua ya michikichi pale yalipo kwao, akamwona fukusi mdogo akihama kutoka ua dume hadi ua jike. Mwaka 1981 fukusi huyo aliachiwa katika mashamba ya Malaysia, na kazi ile ya mikono ikakoma. Mti ulikuwa umechukuliwa zaidi ya karne nzima kabla ya hapo. Ujamaa wake na viumbe wengine ulikuwa umebaki nyumbani.

Hapo ndipo ninapopata maana ya utafiti: ni adabu ya kukiuliza kitu kabla ya kukiamuru.

Lakini je, jibu likishapatikana, huwa la nani? Mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen, wakifanya kazi Yangambi huko Kongo, walieleza kwamba chikichi la ganda nene, dura, likizalishwa na lile lisilo na ganda, pisifera, huzaa tenera, lenye ganda jembamba na mafuta mengi. Leo kituo cha utafiti cha Kihinga, Kigoma, kinakuza miche ya tenera kwa ajili ya wakulima. Ni zawadi, ila ina fundo. Ukipanda mbegu zilizotokana na tenera kuchavushana zenyewe kwa zenyewe, uzao hutawanyika: nusu hivi humfuata mzazi, robo hurudi kwenye ganda nene, na robo hukosa ganda, na mingi ya hiyo haizai vizuri. Mkulima ambaye babu yake aliokota chikichi chini ya mti akalifukia, sasa lazima arudi kituoni kila anapotaka kupanda upya. Amekombolewa au amefungwa? Mimi naona ameongezewa mafuta, akapunguziwa kitu ambacho hakipimwi kwa debe. Akielezwa kwa nini mbegu yake haimfuati mzazi, anakuwa mshirika wa jibu. Asipoelezwa, anabaki mteja tu.

Na hili neno "endelevu" tunalolitamka kwa wepesi? Kiswahili kimeyazaa maendeleo na uendelevu kutoka kitenzi kimoja, kuendelea. Kuendelea ni kusonga mbele, na pia ni kutokoma. Mchikichi hutoa mafuta mengi kwa hekta kuliko soya au alizeti, kwa hiyo yupo anayesema kwamba mavuno yakiongezeka, msitu utapumzika. Hesabu hiyo ni sahihi. Hata hivyo misitu ya Sumatra na Borneo ilikatwa huku mavuno yakipanda, kwa sababu shamba lenye faida humwita jirani yake. Mtafiti aliulizwa namna ya kuzidisha, akajibu vizuri. Swali la kiasi gani kinatosha hakuulizwa, na sidhani kama ni lake peke yake.

Ningekuwa na shamba kule Kigoma ningepanda miche ya Kihinga, nikapanda maharage katikati, nikangoja mwaka wa tatu au wa nne nione mikungu ya kwanza. Lakini pembeni ningeuacha mchikichi mmoja wa zamani, mrefu, wa ganda nene, ambao chikichi lake likidondoka huota bila kumwomba mtu ruhusa. Watafiti nao hawajauacha: mama wa tenera ni dura.