Amani ya Mji wa Mateka



Katika sura ya 29 ya kitabu chake, nabii Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli. Bila shaka walitamani kusikia kwamba watarudi kwao upesi. Badala yake wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waozeshe watoto wao, na kuuombea mema mji wa adui zao. Neno hili lilitujia moyoni tulipofika Tabora kwa garimoshi, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 800.

Reli ile ya Kati ilianza kujengwa hapa kwetu Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mwaka ule ule vita kuu ilipozuka. Njia iliyokusudiwa kwa biashara ikawa njia ya askari na wafungwa. Tabora ikawa makao ya serikali ya Wajerumani, na mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Lulanguru karibu na mji, zikapigwa sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo. Angalieni basi jinsi vita ilivyo: dhahabu inapatikana, huku mpagazi anaanguka njiani kwa njaa.

Kanisa letu nalo lilikuwa kifungoni mjini humo. Wamisionari wa UMCA na wa CMS, kwa kuwa ni Waingereza, waliwekwa kizuizini. Mapadre na walimu Waafrika, wa pande za Magila, Ukaguru na Ugogo, waliteswa zaidi. Walishukiwa kuwasaidia Waingereza, wakafungwa minyororo, wakapigwa, wakatembezwa mwendo mrefu, na baadhi yao wakafa. Tarehe 19 Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, wengi wao wakiwa askari Waafrika kutoka Kongo, na wafungwa wakawekwa huru.

Walifanya nini na uhuru huo? Wako waliorudi vijijini mwao, wakafungua tena shule na makanisa. Hawakufanya mateso yao kuwa sababu ya kukaa kando. Leo Tabora, chini ya miembe yake, ni makao ya Dayosisi ya Anglikana iliyoanzishwa mwaka 1989. Mji uliokuwa gereza la Kanisa umekuwa nyumba ya Kanisa.

Labda mtu atasema, mambo hayo ni ya kale na ya mbali. Ndugu, jina la Kariakoo, tunakonunua vitu kila siku, limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita hiyo hiyo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na wengi wao hatujui hata makaburi yao. Tunakanyaga juu ya huzuni ya watu wengine bila kujua.

Na sisi wa Mbweni je? Wengi wetu ni wahamiaji. Tumekuja kutoka mikoa mbalimbali, tukanunua viwanja, tukajenga, tukazungusha kuta. Tumetii nusu ya neno la Yeremia: tumejenga nyumba na kupanda bustani. Nusu ya pili imetushinda. Mtu anagombana na jirani juu ya hatua mbili za mpaka, au maji ya mvua yanayoelekezwa uani kwa mwenzake, na miaka inapita hawasalimiani. Walimu wale waliusamehe mnyororo. Sisi twashindwa kusamehe jiwe la mpaka!

Nabii hakusema tuombee amani ya nyumba zetu tu, ila ya mji, maana katika amani yake sisi pia tutapata yetu. Mji huo ni pamoja na jirani Mwislamu, mpangaji, mlinzi wa getini, na yule tuliyeshitakiana naye. Basi, kabla hatujaikaribia Meza ya Bwana Jumapili ijayo, tupige hodi mlangoni kwake. Asipotufungulia, tumwombee kwa jina lake.

Bwana wa amani awe nanyi nyote. Amina.