Saa za Mwanafunzi

Muuguzi hodari akiacha wodi kwenda kufundisha, wenzake husikitika kwamba wagonjwa wamempoteza. Masikitiko hayo yana haki yake. Mikono inayojua kumgeuza mgonjwa bila kumtonesha haipatikani kila siku, na kuikabidhi chaki na mafaili huonekana kama hasara. Hata hivyo, kila nikiyatazama maisha ya Mary Adelaide Nutting, nashawishika kwamba wapo wagonjwa ambao hawawezi kusaidiwa na mtu aliye kitandani pao. Husaidiwa na yule aliyeketi ofisini, akikataa jambo.

Nutting alizaliwa Kanada mwaka 1858. Alikuwa amevuka miaka 30 alipojiunga na kundi la kwanza la wanafunzi wa uuguzi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, na akahitimu mwaka 1891. Miaka mitatu baadaye mkuu wa chuo, Isabel Hampton, aliolewa na kuondoka, na Nutting akakabidhiwa uongozi. Zama hizo hospitali nyingi za nchi ile zilisimama juu ya mabega ya wanafunzi. Binti alishinda wodini tangu asubuhi, akafua, akalisha, akabeba vyombo vya haja. Usiku ulipoingia ndipo akaitwa darasani kusikiliza habari za mishipa na mifupa huku kichwa kikianguka kwa usingizi. Waliozoea mpango huo waliuita kujitolea. Ulikuwa mpango wenye nafuu kubwa kwa hospitali, na nafuu ya aina hiyo ni vigumu kuigusa, kwa kuwa imevaa vazi la huruma.

Nutting aliigusa. Alipunguza saa za kazi wodini hadi 8 kwa siku na kurefusha masomo hadi miaka 3. Mwaka 1901 akaanzisha miezi 6 ya maandalizi, ili mwanafunzi ajifunze kwanza mwili wa binadamu, usafi na upishi wa chakula cha wagonjwa kabla hajakabidhiwa mtu anayeumwa. Aliondoa pia posho ya wanafunzi, maana anayelipwa huhesabiwa kibarua, na yeye alitaka wahesabiwe wanafunzi. Hapo nasita. Binti wa maskini, aliyeitegemea posho ile kununua viatu, alikwenda wapi? Heshima ya taaluma ilipatikana, lakini sidhani kwamba gharama yake iliwaangukia wote sawasawa.

Mwaka 1907 alikwenda Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akawa muuguzi wa kwanza duniani kupewa uprofesa. Hadi alipostaafu mwaka 1925 kazi yake ilikuwa kuwaandaa wale ambao wangekwenda kuongoza vyuo kwingine. Mgonjwa aliyeoshwa vizuri na mwanafunzi wa mwanafunzi wake hakuwahi kulisikia jina lake. Inahitaji moyo wa namna gani kuridhika na shukrani zinazofika kwa mtu mwingine?

Moyo huo nauona pia katika wodi zetu, pale mkufunzi anapokuwa na nafasi ya kufundisha kweli. Mwanafunzi anapima presha kwa mara ya kwanza. Kitambaa kimekaa vibaya mkononi mwa mama mzee, na mwanafunzi ameona aibu kuomba msaada. Mkufunzi amesimama nyuma yake. Angeweza kuimaliza kazi ile mara moja, na foleni ni ndefu. Anamwambia tu, "Fungua, anza tena," kisha anamgeukia mgonjwa: "Utuvumilie, mama." Dakika zile chache ndizo Nutting alizozipigania.

Lakini siku nyingine mkufunzi hayupo. Wodi ina wagonjwa wengi kuliko vitanda, nesi wa zamu ni mmoja, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameachiwa safu nzima kwa sababu amevaa sare. Matroni anampigia simu mkuu wa chuo kuomba wanafunzi zaidi kwa zamu ya usiku. Mkuu huyo naye ni muuguzi. Anajua maana ya mgonjwa kuita usiku kucha asiitikiwe. Anajua pia kwamba akikubali leo ataombwa tena kesho, mpaka ratiba ya masomo ibaki karatasi ukutani. Kati ya mgonjwa wa usiku huu na wagonjwa wote ambao mwanafunzi huyu atawahudumia kwa miaka 30 ijayo, amwitikie nani?