Kabla Hamjaulaumu Msimbo

Wanangu mnaoandika programu, kaeni niwaambie. Neno hili nimelisema kwa waliowatangulia hadi kinywa kimechoka, lakini ninyi sijawachoka.

Mnafungua launch.json ya VS Code. Mnataka debaga iingie kwenye folda fulani, isome faili la mazingira, ndipo iendeshe programu. Basi mnaandika bash, kisha -c, kisha amri tatu, kila moja ndani ya alama zake za nukuu. Debaga inafunguka na kujifunga, na programu haijaonekana. Hapo mnaanza kuupasua msimbo usio na ubaya wowote hadi usiku wa manane, na hilo ndilo linaloniuma.

Baada ya -c, bash hupokea kifungu kimoja tu cha amri. Kinachofuata hakitekelezwi; huhesabiwa kuwa $0, kisha $1, na kuendelea. Amri zikiwa tatu, zote ziingie kwenye kifungu kimoja, tena ziunganishwe kwa &&, si kwa nuktamkato. Nuktamkato haijali yaliyotangulia: cd ikishindwa, amri inayofuata hutekelezwa palepale mlipo. Kama inayofuata ni rm -rf *, mwanangu, palepale ndipo ilipo kazi yako ya mwezi mzima.

Wa Windows nao wakumbuke kwamba PowerShell 5.1 haiijui &&; iliongezwa kwenye toleo la 7, mwaka 2020. Msinakili mstari wa mwenzenu kabla ya kuuliza uliandikiwa sheli ipi.

Mkishaziunganisha amri hizo, bado kuna jambo. Debaga huushika mchakato iliouanzisha, nao ni bash. Programu yenu huweza kuwa mtoto wa bash, na debaga ya GDB isipoagizwa vingine hubaki na mzazi. Ndiyo maana programu inapita vituo mlivyoiwekea bila kusimama. Tangulizeni exec kwenye amri ya mwisho: bash itaondoka, programu ikalie mchakato uleule. GDB yenyewe kwenye Linux huanzisha programu kupitia sheli kwa njia hiyohiyo.

Wengine huitupia source, amri ya kusoma faili la mazingira, kwenye preLaunchTask, kazi inayotangulia debaga, wakidhani wamemaliza. Vigeu vya mazingira hurithiwa kwenda chini tu, kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Sheli ya kazi ile ikifa, hufa na vigeu vyake, na programu yenu, ambayo si mtoto wake, haitaviona kamwe. preLaunchTask iachieni kujenga programu. Ndani ya launch.json, folda iandikeni kwenye cwd, vigeu kwenye env, au environment kwa wanaotumia C++. Mkishafanya hivyo, mara nyingi ule msururu wote wa amri hamtauhitaji tena.

Nawasihi, kabla hamjagusa hata mstari mmoja wa msimbo, iendesheni amri ileile kwenye terminali, mkiongeza -x baada ya bash. Itawaonyesha kila amri inayotekelezwa, na ile iliyoachwa mtaijua.