Tawakali Chumbani mwa Mashine

Swali lililowashughulisha wanavyuoni tangu karne za mwanzo za Uislamu, kwamba je, mja ajilindaye na madhara huwa ameipunguza imani yake kwa Mola wake, si swali la madrasani peke yake. Sioni mahali linapodai jawabu la upesi zaidi kuliko ndani ya tumbo la chombo, ambamo fundi amepiga magoti juu ya ngama, taa mkononi, akitafuta sababu ya mashine kukataa kuwaka.

Msomaji wa Londiani asinicheke kwa kumzungumzia vyombo yeye akaaye baina ya misitu na mashamba ya chai. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita hapa hapa, na vipande vya meli za ziwani vilisafirishwa juu yake, tangu Winifred na Sybil za mwanzo wa karne iliyopita hata MV Victoria, iliyoundwa Uskoti, ikaunganishwa Kisumu na kuanza safari zake mwaka 1961. Tena dizeli ya kisiagi cha mahindi na dizeli iliyofungwa ndani ya mashua ni ndugu, pengine wa kiwanda kimoja, hata fundi aliyejifunza huku mlimani, akiteremka ziwani, hudhani ya kuwa kazi amekwisha kuijua. Hapo ndipo penye hatari. Kisiagi kimesimama penye upepo, na moto ukizuka watu hukimbilia nje. Chomboni hakuna nje isipokuwa maji.

Petroli ikivuja, mvuke wake, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hauruki ukapotea bali hushuka ukalala ngamani usionekane, ukingoja cheche moja tu ya swichi au ya waya wa betri uliolegea. Ndiyo maana mabaharia waangalifu hufungua vifuniko vyote, wakanusa, wakaendesha feni ya kutolea mvuke kwa dakika 4 au zaidi kabla ya kugusa ufunguo. Dizeli haina papara hiyo, lakini ina hila zake: mafuta yarushwayo na nozeli kwa nguvu hupenya ngozi ya kidole cha fundi aliyetaka kujua kama yanafika, na jeraha huonekana dogo kama mchomo wa sindano, hali ya kuwa lamhitaji daktari mpasuaji siku ile ile. Na mashine yoyote iungurumayo chumba kikiwa kimefungwa hutoa sumu isiyo rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu kabla hajatambua kwamba amelewa. Habari ya nguo pana karibu na mkanda na shafti ya rafadha naiacha, maana hiyo hata mwanafunzi wa juzi anaijua.

Yuko fundi ayajibuye haya yote kwa neno moja, kwamba ajali haina kinga. Mimi namwona amekosea dini kabla ya kukosea ufundi. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya tawakali, yaani kumtegemea Mungu, katika Ihya Ulum al-Din, alizitenga sababu zilizo yakini na zile za kuwazia tu, akahukumu kwamba mwenye njaa akaaye mbele ya chakula asinyoshe mkono, hana tawakali bali wazimu. Uzito wa mvuke wa petroli umo katika zile za yakini, kwani aliyeuumba ndiye aliyeukadiria uwe hivyo. Na Khalifa Omar, alipogeuza safari yake ya Sham zama za tauni ya Amwas, jemadari wake Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kwenda kwenye kadari ya Mungu. Jawabu hili nalipenda kuliko hata la Ghazali, maana halimwachii mtu pa kujificha: kufungua kifuniko ni kadari, na kutokifungua ni kadari, ila moja ya hizo ndiyo uliyoamrishwa.

Neno kadari likisemwa matangani ni rehema. Ijumaa ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilipowavamia watu katika njia panda ya Londiani, zaidi ya 50 walikufa, na sitamnyang'anya mfiwa yeyote faraja hiyo. Lakini neno lile lile, likitamkwa kabla ya msiba na mtu aliyeshika spana, ni kisingizio. Tena si kisingizio cha nafsi yake tu. Mtu aweza kutawakali kwa roho yake mwenyewe, wala hakuna aliyempa ruhusa ya kutawakali kwa roho za wenziwe, nao abiria walioketi juu ya chumba cha mashine, wamepakata watoto na mizigo yao, hawakuulizwa kama wako radhi na cheche ya fundi. Yeye ameshika amana, na amana haina nafasi ya kujaribu bahati.

Kwa hiyo nawasihi wenye vyombo wa Kisumu na wa pwani zote za ziwa, wasimhimize fundi kwa sababu nauli imekwisha kukusanywa: wawateremshe abiria kwanza, ndipo wafungue mashine.