Mbwa Anayengoja Kituoni

Msikilizaji, anayetafuta mbwa Nairobi aanzie Karen, kwenye kituo cha KSPCA, shirika la kutunza wanyama, kabla ya kusimama kwa muuzaji wa barabarani. Kituoni mbwa huchanjwa na kufungwa uzazi, na hilo si dogo: hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Wapo wasemao mbwa koko wa kituoni hawezi kulinda boma. Naamini wanakosea, kwani ulinzi hujengwa na malezi na mazoea, na chotara huwa na uwezekano mdogo wa kupata baadhi ya maradhi ya kurithi. Gharama? Chakula na chanjo utalipia hata ukinunua.