Kijiko cha Mafuta

Wengi wakiamua kupunguza uzito hukimbilia kununua raba. Mimi ningeanza na kijiko. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Kuziunguza huenda ukahitaji kutembea kwa kasi karibu nusu saa. Sasa itazame chapati inavyogeuzwa kikaangoni, mafuta yakimiminwa kwa macho tu, upande huu na upande ule.

Wiki moja niliandika daftarini kila kilichopita kinywani. Wali haukunishtua. Chai ndiyo iliyoniumbua: vikombe vitano kwa siku, sukari vijiko vitatu vitatu! Kutembea natembea kila jioni, moyo nao una haki yake. Ila kopo la sukari limehamia kabati la juu, na kulifikia sharti nipande kigoda.